Imani ya Jirani Haikupunguzii Yako: Wanawake Watatu wa Kikristo Ambao Biharusi Anafaa Kuwajua



Leo tunaweka pembeni singo, hina na mapambo ya ukumbi. Tutayarudia, msituchoke. Leo tunataka kuzungumza na yule biharusi ambaye baada ya fungate hatabaki Unguja wala Pemba. Mume anafanya kazi bara, au ana biashara ya mbao, au anasafirisha viazi, na mke anamfuata. Wapo wenzetu kadhaa waliofuata waume zao namna hiyo, na baadhi yetu tunaoandika hapa tumefikia Nyololo.

Kwa asiyepajua, Nyololo ipo wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na mpaka wa Zambia. Unaipata ukishapita Mafinga na kabla hujafika Makambako. Hapo ndipo njia ya Igowole na Mgololo inapochepuka kuelekea kwenye mashamba ya chai na misitu ya misonobari. Baridi yake ya mwezi wa sita na wa saba haina mzaha. Kanga pekee haitoshi, na hata buibui linavaliwa na sweta chini. Asubuhi ukungu unatanda mpaka barabarani, na jirani anakuamkia "Kamwene" kabla hujamwona uso.

Jirani huyo, mara nyingi, ni Mkristo. Ni Mlutheri, au Mkatoliki, au Mmoravian ukisogea upande wa Mbeya. Huku Waislamu tupo, misikiti ipo, lakini hatuko wengi kama tulivyozoea kule kwetu, ambako adhana inakujia kutoka pande nne. Na hapo ndipo linapokuja swali ambalo wasichana wetu wanatuuliza kwa sauti ya chini: Je, nikikaa na wanawake hawa, nikasikiliza habari za wazee wao wa imani, nikazipenda, nitakuwa nimekosea dini yangu?

Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Lakini tuna maoni, na tutayasema waziwazi. Mwanamke wa Kiislamu anaweza kusoma maisha ya mwanamke wa Kikristo, akamheshimu, akajifunza ujasiri wake, na akasimama kwenye swala yake ya alasiri akiwa imara kuliko jana. Tena tunasema kwamba biharusi wa leo anahitaji habari za wanawake hawa kuliko anavyodhani, kwa sababu zinahusu jambo ambalo na yeye ataulizwa siku ya ndoa: Je, umeridhia?

Tulishafundishwa njia hii

Kabla ya kwenda kwao, tuanze kwetu. Ni nani aliyemtuliza Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, siku Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporudi nyumbani akitetemeka baada ya kuteremshiwa wahyi wa mwanzo? Alimpeleka mumewe kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee aliyekuwa Mkristo na msomi wa vitabu vilivyotangulia. Waraqa ndiye aliyeutambua ujumbe ule. Bibi Khadija hakuogopa kwamba elimu ya binamu yake ingempunguzia imani. Aliitumia kumtuliza mumewe.

Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, walihamia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, Najashi, naye akawakinga na kukataa kuwarudisha kwa Makuraishi. Katika Qur'ani ipo sura nzima yenye jina la Bibi Maryam. Ipo pia Sura ya Al-Buruj inayowataja waumini waliotupwa kwenye mahandaki ya moto, ambao wafasiri wengi wanasema walikuwa Wakristo wa Najran. Tunawasoma waumini hao na tunalia. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kulia kwa ajili yao ni kuacha dini.

Kwa hiyo mlango huu si mpya. Tunaufungua tu na kutazama upande wa Afrika Mashariki, miaka mia moja na zaidi iliyopita, kwenye njia zile za misafara zilizoanzia bara na kuishia Unguja. Tumechagua wanawake watatu. Hakuna aliyekuwa malkia wala mke wa mfalme mkubwa. Wote watatu waliwahi kuhesabiwa kama mali.

Narwimba: mjane aliyejitafutia mlinzi

Wa kwanza ni wa upande huu wetu wa nyanda za juu. Anaitwa Narwimba. Habari zake tunazo kwa sababu mwanamke mmisionari wa Kijerumani wa kanisa la Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliyekaa Utengule katika nchi ya Wasafwa, karibu na Mbeya ya leo, aliwasikiliza wanawake wazee waliopitia vita na utumwa na kuandika waliyosema. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright alizirudia habari hizo na kuzieleza katika kitabu kuhusu watumwa na wanawake wa eneo hili, kilichotoka mwaka 1993.

Narwimba aliishi wakati ambapo mwanamke asiye na mwanamume wa kumsimamia aliweza kuchukuliwa akauzwa kama kuku wa mnadani. Mumewe alipofariki, hakungoja kuamuliwa. Alimwendea mwenyewe mpwa wa marehemu na kumwomba amrithi awe mkewe, ili yeye na wanawe wapate pa kuegemea. Hata hivyo dhiki haikwisha. Alitekwa, akahangaika na watoto, akatoroka, akaanza upya. Uzeeni aliishia kwenye makazi ya Wamoravian, na huko ndiko alikoweza kukaa chini na kusimulia.

Tunajua mtasema: "Kurithiwa? Hilo sisi limekatazwa." Naam, limekatazwa. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu amekataza wanawake kurithiwa kwa nguvu kama vyombo vya nyumbani. Lakini tazameni alichofanya Narwimba ndani ya nafasi aliyopewa. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, tena mwembamba, na akaupita kwa miguu yake badala ya kungoja kuburutwa. Hilo si jambo dogo. Ni akili, na ni mapenzi ya mama kwa watoto.

Katika habari hizo yupo pia Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto na kupita mikono mingi. Wanawake hawa hawakuja kwenye Ukristo kwa kusoma vitabu vya elimu ya dini. Walikuja wakitafuta mahali ambapo mtu hauzwi. Walipopapata, wengine waliishika imani ya pale kwa mikono miwili. Mlutheri au Mmoravian unayepanda naye basi la Makambako, huenda bibi wa bibi yake alipita njia hiyo. Ukilijua hilo, hutamtazama tena kama mtu aliyezaliwa tu upande mwingine wa ukuta. Utajua kwamba imani yake ilinunuliwa kwa bei kubwa na wanawake wa ukoo wake.

Bwanikwa: aliyeununua uhuru wake kwa mumewe

Wa pili ni Bwanikwa, Mluba wa Katanga, kusini mwa Kongo, zama za mfalme Msiri. Habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell na kuchapishwa mwaka 1916, kwa jina linalosema kwamba alikuwa mtumwa mara kumi kabla ya kuwa huru. Mara kumi, shoga! Na wa kwanza kumtoa hakuwa adui. Alikuwa baba yake mzazi. Baba alifiwa na mke mkubwa, na kwa desturi ya pale akadaiwa fidia na jamaa wa marehemu. Hakuwa na cha kutosha, akamtoa binti yake kufidia deni, kwa ahadi ya kumkomboa baadaye. Hakumkomboa.

Mwishowe Bwanikwa aliangukia kwa mwanamume anayeitwa Kawimbe, aliyemnunua na kumfanya mke. Walikaa karibu na wamisionari, wakawa Wakristo. Kawimbe hakuwa mume mbaya. Lakini Bwanikwa alikuwa na jambo moyoni: aliolewa kwa kununuliwa, na hilo halikumpa raha. Akafanya kazi, akaweka akiba kidogo kidogo, na siku ilipotimia akampelekea mumewe fidia ya uhuru wake. Akajikomboa kutoka kwa mumewe mwenyewe. Kisha akabaki kuwa mkewe.

Msipite haraka hapo. Mwanamke huyu hakutaka kuondoka. Alitaka kubaki akiwa ameridhia. Alitaka pale anapompikia mumewe ugali, iwe anampikia mume, na siyo mwenye mali.

Sisi Waislamu tuna wa kumlinganisha naye, na ni ajabu kwamba kwenye darasa zetu za maharusi hatajwi mara nyingi. Ni Bibi Barira, mjakazi wa Madina aliyeandikiana na mabwana zake ajikomboe, na Bibi Aisha akamsaidia kulipa. Alipokuwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Mughith alimpenda mno. Alikuwa akimfuata njiani machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kwa adabu kama hiyo ni amri. Akaambiwa ni maombezi tu. Basi akasema hamhitaji, na hakulaumiwa kwa jibu lake.

Barira aliondoka, Bwanikwa alibaki. Mmoja Muislamu wa Madina, mwingine Mkristo wa Katanga, na zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kati yao. Wote wawili walikuwa wanadai kitu kimoja: neno lao lihesabiwe.

Swema: aliyezikwa hai kwetu Unguja

Wa tatu ndiye mgumu kwetu, na ndiye tuliyebishana juu yake kabla ya kuandika. Baadhi yetu walisema tumwache. Tumeona tusimwache.

Swema alikuwa binti wa Kiyao. Mama yake, mjane, alikuwa na deni la nafaka. Aliyemdai alipoona halipwi, akamchukua mtoto na kumwuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kuachana na mwanawe. Aliomba achukuliwe naye, na akabebeshwa pembe za ndovu. Njiani nguvu zilimwisha, wakamwacha huko huko porini. Mtoto akaendelea peke yake mpaka Unguja, katikati ya miaka ya 1860, akiwa mifupa mitupu. Aliyemmiliki alimwona hana faida, akaamuru aviringishwe kwenye mkeka na kufukiwa. Alifukiwa angali hai, kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alipita, akasikia sauti, akamfukua na kumpeleka kwa masista Wakatoliki waliofika Unguja kutoka Réunion mwaka 1860 na kuuguza wagonjwa hapo mjini.

Swema alipona. Akakaa na masista, akasaidia kuuguza. Siku moja akaletwa mgonjwa mwenye majeraha, naye akamtambua: ni yule yule Mwarabu aliyemfanyia biashara. Habari zake zinaeleza jinsi chuki ilivyompanda, jinsi alivyopigana na nafsi yake, na jinsi alivyomsamehe na kumhudumia. Baada ya hapo ndipo alipobatizwa, na akatamani naye awe sista.

Inatuchoma kwa sababu waliomtenda yale walisali kuelekea Makka kama sisi. Soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, lilikuwa Mkunazini, mahali ambapo leo lipo kanisa kuu la Anglikana. Tunapita hapo tukienda sokoni Darajani.

Tunaweza kujitetea, na utetezi wenyewe una ukweli. Wakristo wa Ulaya nao walisafirisha watumwa kwa mamilioni kuvuka bahari ya Atlantiki. Waafrika nao waliuzana, kama tulivyoona kwa baba wa Bwanikwa na mdai wa mama yake Swema. Na Uislamu ulifanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja linalomfunika mtoto yule mchanga aliofukiwa nao. Dini yetu imetuamrisha kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi tuanzie hapo: aliyemfukia alikosea, na aliyesamehe alifanya jambo kubwa. Ukimsifu Swema hujaisaliti dini yako, umetii amri yake ya uadilifu.

Tunavyowajibu wanaotupinga

Tumesikia hoja tatu, na zinastahili majibu.

Ya kwanza: "Hizo ni hadithi za wamisionari, ziliandikwa kuchangisha fedha Ulaya." Ni kweli kwa sehemu. Habari za Swema zimetufikia kwa kalamu ya padri Mfaransa, na padri alikuwa na wasomaji wake aliotaka waguswe. Habari za Bwanikwa zimepita kwa Campbell. Inafaa tusome kwa macho mawili, tukijiuliza ni maneno gani ya binti na ni yapi ya mwandishi. Lakini wanahistoria waliozipima habari hizi wamekuta ndani yake mambo ambayo hayakutungwa: njia za misafara, madeni ya nafaka, fidia za misiba, namna wajane walivyokosa kinga. Kuna siku utakuta barua ya posa imeandikwa na mjomba kwa maneno mengi ya kupamba, lakini posa yenyewe ni ya kweli.

Ya pili: "Mtoto wa kike atachanganyikiwa." Huyo anachanganyikiwa akiwa hajafundishwa yake kwanza. Wahenga wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wenyewe lazima uwe umetandikwa. Binti anayejua kwa nini anaswali, anayewajua Khadija, Aisha, Fatma na Barira, hatikisiki kwa kumjua Swema. Anayetikisika ni yule tuliyemfundisha kufunga mtandio kwa mitindo saba na hatukumfundisha maana ya Al-Fatiha.

Ya tatu husemwa na mashangazi: "Ukiwasifu wao, wataona dini yao ndiyo bora." Hapa Nyololo tumeona kinyume chake. Jirani akiona unaujua wema wa wazee wake, na yeye huuliza wa kwako. Hapo ndipo unapata nafasi ya kumweleza Bibi Barira, na hakuna mahubiri mazuri kuliko hayo.

Biharusi, haya yanakuhusu vipi?

Sasa turudi kwenye ukumbi. Siku ya ndoa, kabla sheikh hajafunga, walii wako ataingia ndani au atatuma mtu kukuuliza idhini. Umekaa umejifunika, vanila na udi vinanukia, mashoga wanacheka, somo anakunong'oneza uinamishe kichwa. Wengi wetu tunalipita swali lile kama desturi. Kimya cha bikira kinahesabiwa ndiyo, kwa hiyo tunanyamaza, na ngoma zinaanza.

Wanawake wale watatu wangetoa nini kupata dakika ile? Narwimba alilazimika kuomba arithiwe ili asiuzwe. Bwanikwa alifanya kazi mpaka akalipa, ili tu ndoa yake iwe na neno lake ndani. Swema hakuulizwa kitu na mtu yeyote. Wewe unaulizwa bure. Dini yako ndiyo iliyoamuru uulizwe, na ipo habari ya Bibi Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake bila ridhaa, akaenda kushitaki kwa Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Haki hii wenzio wameililia. Usiipitishe kwa kunyamaza kwa woga. Ukinyamaza, unyamaze kwa sababu umeridhia, umemjua mtu, umeuliza habari zake, umeswali istikhara. Na kama hujaridhia, sema. Aibu ya siku moja ya kurudisha posa ni nyepesi kuliko miaka ishirini ya kuishi mahali ambapo neno lako halikuhitajika.

Na mama zetu, hili linawahusu zaidi. Baba wa Bwanikwa alimtoa binti yake kufuta deni. Sisi hatuuzi watoto, alhamdulillah. Lakini pale binti anapoozwa haraka kwa sababu familia ina deni kwa mtu, au kwa sababu mchumba ana duka Dubai, hebu tujiulize tofauti iko wapi hasa. Mahari ni ya binti. Si malipo kwa mzazi, wala si rehani.

Kwa anayekuja huku juu

Mwisho, machache kwa biharusi anayefunga masanduku kuja Mufindi, Iringa au Mbeya.

Jifunze salamu. "Kamwene" ni neno dogo, linafungua milango mingi. Mwamkie mama mtu mzima kwa heshima ile ile unayompa mavyaa wako.

Jirani akifiwa, nenda. Kaa na wanawake, pika, teka maji, beba kuni. Wao wakiimba nyimbo zao za kanisa, wewe kaa kwa adabu na umwombee faraja mfiwa moyoni mwako. Hutakiwi kuimba, na hakuna atakayekulazimisha. Ukifiwa wewe, nao watakuja, na utashangaa jinsi mtu wa dini nyingine anavyojua kunyamaza pamoja nawe.

Ukikaribishwa ulanzi, sema taratibu kwamba dini yako haikuruhusu, na omba chai. Huku chai haikosi! Hawakasiriki ukisema bila dharau. Wanakasirika ukikunja uso.

Ukimpata bibi mzee jirani, mwulize habari za bibi yake. Usimwulize kwanza kwa nini ni Mkristo. Mwulize walitoka wapi, walipitia nini, nani aliwapokea. Utasikia mambo ambayo hayakuandikwa na Elise Kootz-Kretschmer wala na mtu mwingine yeyote, na yakipotea na bibi huyo yatakuwa yamepotea kabisa. Yahifadhi. Wasimulie na wanao.

Na swala zako usizipunguze hata moja. Tandika msala wako kwenye chumba chenye baridi, tia udhu kwa maji yanayouma vidole, na umshukuru Mola aliyekupa imani bila kukupitisha kwenye msafara wala mnada. Wanawake wale walimtafuta Mungu wakiwa na minyororo shingoni. Sisi tunaamshwa na simu yenye adhana kando ya mto, na bado tunaigeuza kichwa chini ili tulale dakika kumi. Kama habari zao zitatuamsha kwa alfajiri moja tu, basi zimetufaa.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu wote ndoa zenye ridhaa ya kweli, majirani wema, na nyoyo zinazoweza kuuona wema popote ulipo. Na atulinde tusiwe sababu ya machozi ya mtoto wa mtu, wa dini yoyote. Amin.